Vidonge vya Bure

"Vidonge vya damu unameza?" nesi Mwanaisha aliuliza, huku kidole gumba chake kikimvuta Notburga ukope wa chini.

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku, nesi."

Uongo. Alikuwa ameacha kuvimeza tangu mahindi ya shambani yakiwa bado magotini, na sasa mahindi yalikuwa yamekauka yakisubiri kuvunwa. Lakini nyuma yake kulikuwa na benchi la wanawake, matumbo mbele, masikio wazi. Muda mfupi uliopita mmoja wao alikuwa ameulizwa kwa nini aliruka kliniki, akajibu kwamba alikuwa shamba, nesi akamwambia, "Kumbe mtoto utamzalia shamba," na benchi zima likacheka. Yule mama naye alicheka, ila alikuwa ameinamisha uso kwa haya. Notburga hakutaka kuchekwa.

Nesi alimwachia ukope, akamtazama kiganja, akamtoboa kidole. Alisoma kipimo.

"Malaria huna. Damu ndiyo imeshuka. Kama unameza kweli, inakwenda wapi?"

Notburga aliinamisha kichwa. Nesi Mwanaisha hakumshikilia kwa swali lile. Foleni ilikuwa ndefu na mtoto wa mtu alikuwa analia mlangoni. Alimpa vidonge vingine katika kibahasha. "Vikikuchafua tumbo, vimeze baada ya kula, wakati wa kulala. Usivishushie na chai, chai inavizuia kufanya kazi. Kula chungwa. Na ukiona kizunguzungu, au moyo unakwenda mbio, usingoje tarehe. Umenisikia, mama?"

"Nimesikia, nesi. Asante."

Alipofika nyumbani Bombambili alikitia kile kibahasha katika chungu cha mbegu kilichokuwa chini ya kitanda, pamoja na wenzake.

* * *

Si kwamba Notburga alikuwa mkaidi. Vile vidonge alivijaribu. Vilimwacha na ladha ya msumari mdomoni, choo kikawa cheusi hata akaogopa, na kila asubuhi alikuwa akikimbilia nyuma ya jiko kutapika. Ndipo wifi yake, Mwalimu Edna, alipomkuta ameinama huko, akamshika mgongo mpaka akamaliza.

"Wifi, hebu nikuulize," Edna alisema baada ya kumpa maji asukutue. "Kitu cha maana, nani anagawa bure? Hivi vinagawiwa kama karanga msibani. Vingekuwa na nguvu yoyote, si vingeuzwa?"

Kesho yake alikuja na kopo. Lilikuwa jeupe, mfuniko rangi ya dhahabu, na ubavuni picha ya karoti na machungwa yaliyokatwa. Maneno mengi yalikuwa ya Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mchwa.

Edna hakuwa tapeli. Hilo Notburga alilijua wakati ule, na alilijua baadaye pia, na ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, dada mkubwa wa Aidan, mume wa Notburga. Baba yao alipofariki ndiye aliyemsomesha mdogo wake ufundi wa kuchomelea, akamnunulia na mashine ya kuanzia kazi. Magoti yalikuwa yamemsumbua miaka na miaka. Akaalikwa kwenye semina ya watu wa virutubisho, akala vidonge vyao, magoti yakapoa. Tangu siku hiyo akawa wakala. Aliviuza kama mtu anayehubiri.

"Na vya kuongeza damu vimo?" Notburga aliuliza, akiligeuza kopo mikononi.

"Wifi, kila kitu kimo. Wametuambia kila kitu."

Aidan ndiye aliyelipa. Edna alimpa kwa bei ya ndugu, na hata hivyo bati za kumalizia jiko zilibidi zisubiri. Hakulalamika. Jioni ile alilisimamisha lile kopo juu ya kabati la vyombo, pale mgeni akiingia analiona.

"Mtoto wangu hakui kwa vya bure," alisema, na Notburga akacheka, kwa maana kwa miaka ya ndoa yao hakuwa amewahi kumwona akijivunia kitu cha kumeza.

Vidonge vya kopo havikumtapisha. Vilikuwa laini, vyekundu, vikiteleza kooni kama si kitu. Basi Notburga akaamini. Mwili wake, hata hivyo, ulikuwa ukisema mengine. Alianza kutamani udongo. Akawa ananunua pemba, ule udongo wa kula, sokoni na kuimung'unya akiwa anapika, na ikiisha anakwangua ukuta wa jiko kwa kucha. Akipanda kale kamwinuko ka kutoka kisimani ilimlazimu apumzike mara mbili. "Ndiyo mimba," wanawake walimwambia. Naye alijiambia vivyo hivyo.

* * *

Alianguka wakati wa kupukuchua mahindi. Walikuwa wameketi uani, yeye na Jane, binti aliyeolewa nyumba ya jirani mwaka ule. Jane alikuwa akisimulia habari za mama mkwe wake, akasikia gunzi limedondoka. Alipogeuka, Notburga alikuwa amelala ubavu juu ya mahindi, midomo imekuwa rangi ya majivu.

Aidan alikuja mbio na miwani yake ya kuchomelea ikiwa bado kichwani. Walimpakia kwenye bajaji. Njia nzima Notburga alisikia moyo wake ukipiga masikioni.

Hospitalini daktari hakupoteza maneno. "Huyu mama hana damu. Nahitaji watu wa kumtolea, sasa hivi."

Wa kwanza kuvua saa na kukunja mkono alikuwa Edna. Alikuwa ametoka darasani, chaki ingali kwenye vidole. "Chukueni," alisema. "Mkiona haitoshi, chukueni tena." Damu yake ilipimwa, ikafaa. Ya Aidan haikufaa. Notburga aliiona chupa ya damu ikining'inia juu yake, nyeusi, na tone likishuka baada ya tone. Na kwenye kiti kando ya kitanda wifi yake ameketi, pamba imefungwa mkononi, akimshika vidole vya miguu kuvipasha joto. "Baridi ya Songea hii haina adabu," Edna alisema, akimfunika kwa kitenge chake mwenyewe.

Kesho yake uchungu ukaanza. Wakati wake ulikuwa bado. Wauguzi walijaribu kuuzuia, haukuzuilika.

Alizaliwa mtoto wa kike, mdogo mno, mwenye nywele nyingi na kucha zilizokamilika. Alilia mara moja, sauti kama ya kifaranga kilichokanyagwa. Walimlaza kifuani kwa Notburga, ngozi kwa ngozi, wakawafunika pamoja. Mama yake Aidan, Bibi Kunegunda, alikuwa amefika kutoka Madaba na vumbi la njiani nguoni, chupa ya maji mkononi. Alimtazama mtoto jinsi mbavu zilivyokuwa zikibonyea kila anapovuta pumzi. Hakumwuliza mtu yeyote. Alimimina maji kwenye kifuniko cha chupa.

"Mnamwita nani?"

Aidan alimgeukia mkewe.

"Odilia," Notburga alisema.

"Odilia, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji yalitiririka kwenye nywele za mtoto yakaingia kifuani kwa mama yake. Yalikuwa ya baridi. Mtoto alikunja uso, kama mtu aliyeamshwa vibaya. Kwa Notburga, hicho ndicho kitu kimoja alichokifanya mwanawe ambacho kilifanana na vitu vya watoto wengine.

Alikata roho kabla ya jua la mchana.

* * *

Walimzika mtoto wakati Notburga angali wodini. Wanaume wachache tu walikwenda, na katekista. Kaburi la kichanga halikusanyi watu. Aliporudi nyumbani hakukuta turubai wala wageni wa kulala. Jirani mmoja alimletea togwa, akamwambia, "Shukuru Mungu umepona wewe. Mtoto utapata mwingine." Mwingine alimwambia huo si msiba hasa, ni mimba iliyoharibika. Notburga aliitikia kila mmoja, "Asante," huku maziwa yakimlowesha blauzi. Bibi Kunegunda alimfunga kifua kwa kanga, akaikaza kwa nguvu, na wote wawili wakawa wanalia bila kutazamana.

Alipopata nguvu za kutembea alilichukua kopo, akalifunga ndani ya mtandio, akaenda zahanati. Aliketi pembeni mpaka benchi likaisha watu.

"Nesi," alisema alipoingia, "nilikudanganya."

Nesi Mwanaisha alikuwa akikunja mashuka. Aliyaacha. Alimwona tumbo lilivyokuwa, na mikono ilivyokuwa mitupu, akavuta kiti akaketi karibu naye. "Inna lillahi," alisema taratibu. "Pole, mama. Pole sana. Nieleze."

Notburga akamweleza yote, na kopo akaliweka mezani. Nesi alilisogeza dirishani, akasoma zile herufi ndogo kwa muda mrefu, kidole kikipita mstari kwa mstari.

"Humu chuma hamna," alisema mwishoni. "Madini ya kutengeneza damu, hata chembe. Na vitamini A wameijaza. Wenyewe wameandika hapa kwamba mjamzito asitumie kabla ya kumwuliza daktari, maana ikizidi mwanzoni mwa mimba inaweza kumharibu mtoto."

"Ndiyo iliyomuua?"

Nesi aliliweka kopo chini. "Siwezi kukuambia hivyo. Ulianza mimba ikiwa imekua, na mtoto umesema alikuwa na viungo vyake vyote. Ninachojua ni kwamba damu ilikuishia, na mama akiishiwa damu, mtoto anaweza kuja kabla ya siku zake. Wapo waliomeza kila kitu na bado yakawakuta. Lakini ungemeza, mngekuwa na akiba, wewe na yeye."

Notburga alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi.

"Mbona hukuniambia vinakutapisha? Ningekubadilishia. Ningekupunguzia tukaanza kidogo kidogo."

"Benchi lilikuwa limejaa, nesi."

Nesi Mwanaisha alitazama lile benchi tupu pale nje, kisha akatazama mikono yake. Notburga akaona kwamba mwenzake naye alikuwa ameguswa mahali panapouma.

* * *

Alimwambia Aidan siku hiyo hiyo, wakila. Aidan aliliacha tonge sahanini.

"Kwa hiyo unataka tufanye nini?"

"Nataka dada yako ajue."

"Ajue nini? Kwamba ameua?" Alishusha sauti, kwa sababu mama yake alikuwa jikoni. "Notburga, nisikilize. Mtoto ameondoka, hatarudi. Dada ndiye aliyenilea. Na wewe damu inayotembea mwilini mwako ni yake. Utasimama kwa miguu gani kumwambia?"

Kila alipojaribu kutafuta jibu aliiona ile chupa ya damu, na vidole vyenye chaki. Edna alikuja kila siku baada ya shule. Alifua, aliteka maji, alimpikia dagaa wa Nyasa kwa majani ya maboga, akakaa naye kimya bila kumchosha kwa maneno ya faraja. Notburga alikula chakula chake, na ya kopo hakuyataja.

Pengine angenyamaza mpaka leo. Lakini Alhamisi moja, akianika nguo, alisikia sauti ya wifi yake ng'ambo ya ua, barazani kwa Jane. Jane alikuwa na mimba; alikuwa ameanza kuificha chini ya sweta, na Notburga alikuwa ameiona na kujifanya hajaona.

"...bila kichefuchefu kabisa," Edna alikuwa akisema. "Vile vya bure vitakuumiza tumbo tu, binti yangu."

Kopo lilikuwa magotini kwa Jane. Mfuniko uling'aa juani.

Notburga hakukumbuka baadaye alivyouvuka ule ua. Alijikuta amesimama mbele yao, nguo mbichi mkononi, maji yakimdondokea miguuni.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba, wifi. Karibu ukae."

"Sikai. Jane, usile hivyo. Humo hamna chuma. Nimempelekea nesi, amesoma. Mjamzito haruhusiwi hivyo mpaka daktari aseme. Mimi niliacha vya kliniki nikala hivyo, na damu ikaniishia." Alivuta pumzi. "Nikamdanganya nesi kwamba nameza. Hilo ni langu mwenyewe, sikusukumwa na mtu."

Jane aliliangalia kopo, akaliangalia tumbo la Notburga, akalisogeza kopo kando kama kitu cha moto. Mama mkwe wake alikuwa ametokea mlangoni. Wanawake wawili waliokuwa wakipita njiani na ndoo walipunguza mwendo.

Edna alisimama. Uso ulikuwa umemlegea. "Wifi, unanidhalilisha mbele za watu."

"Naogopa ingekuwa faraghani ningenyamaza tena."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua mtoto wa mdogo wangu? Sema. Sema watu wasikie."

"Sijasema hivyo. Hata nesi hakusema hivyo."

"Mimi nilikupa damu yangu!" Sauti ilimpasuka Edna, sauti ya mtoto, si ya mwalimu. "Damu yangu mwenyewe, Notburga!"

"Ulinipa, wifi, na nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Na Jane naye ikimwishia, utampa ya nani?"

Edna alichukua mkoba wake. Kopo aliliacha pale pale barazani, akaondoka akikanyaga kama mtu ambaye magoti yamemrudia.

* * *

Baada ya hapo Aidan alikuwa akitoka mapema kwenda kuchomelea mageti ya watu na kurudi amechoka, akila bila kuinua macho. Bibi Kunegunda alirudi Madaba. Siku ya kuaga alimshika mkwewe mkono akasema tu, "Edna ni mwanangu, na wewe ni mwanangu. Sijui nimlilie nani," akapanda gari.

Jumamosi, ukungu ukiwa umeshuka kutoka milima ya Matogoro ukafunika hata mabati ya jirani, mtu alibisha hodi. Alikuwa Edna. Amejitanda kitenge, viatu vya kandambili, hana mkoba. Macho yalikuwa yamevimba.

"Shikamoo, wifi," Notburga alisema.

"Marahaba." Hakuingia. "Nimekaa nimelisoma. Lile kopo la kwangu. Nimechukua kamusi ya shule nikalisoma neno kwa neno." Alikaza kitenge mabegani. "Maneno yote yalikuwapo, wifi. Na mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa watu kusoma."

Kifua kilimwuma Notburga, sijui kwa maziwa yaliyokuwa yakikauka au kwa jingine.

"Yupo mwingine," Edna aliendelea. "Kule Matogoro, mke wa Urban, Mama Saimon. Ana mimba, nilimpelekea mwezi uliopita. Jana nimekwenda mpaka karibu na nyumba yake, nikarudi. Leo asubuhi nimekwenda tena, nimerudi." Alipangusa pua kwa ncha ya kitenge. "Siwezi peke yangu. Najua sistahili kukuomba. Nimekosa wa kumwomba."

Kulikuwa na maneno mengi ambayo Notburga angeweza kuyasema pale mlangoni, na mengine alikuwa ameyatunga usiku kucha siku nyingi. Hakuyasema. Hakuwa amesamehe. Aliingia ndani, akavaa sweta, akajifunga kanga kichwani.

Aidan alikuwa uani na kipande cha chuma mkononi. Aliwaona wakitoka pamoja. Alisimama. "Mnakwenda wapi?"

"Matogoro," mkewe alijibu.

Aidan alimtazama dada yake, akamtazama na mkewe. Alikaa chini juu ya fremu ya dirisha aliyokuwa akiitengeneza, akajifunika uso kwa mikono yake yenye masizi, na mabega yakaanza kumtikisika. Hakuwa amelia hospitalini, wala makaburini. Edna alitaka kumwendea. Notburga akamshika mkono. "Mwache," alisema. "Mwache alie."

Walikwenda kwa miguu. Njia ilikuwa na tope la umande, na pande zote mabua ya mahindi yaliyovunwa yalikuwa yamelala. Notburga alikuwa akichoka upesi. Wifi yake akawa anamsubiri bila kumhimiza. Mahali pa mwinuko Edna alimpa mkono, naye akaushika, kisha walipofika juu akauachia.

Mama Saimon alikuwa akifagia mbele ya nyumba. Tumbo lilikuwa limechomoza vizuri. Alipowaona alitupa ufagio, akaja kuwapokea kwa furaha.

"Mwalimu! Shikamoo. Nilikuwa nakusubiri kweli, kopo langu limebaki nusu. Na huyu ndiye wifi yako? Ulinisimulia!" Alimtazama Notburga kwa uso wa bashasha, kisha akatazama mgongoni kwake kama anatafuta mbeleko. "Umeshajifungua? Hongera! Mtoto umemwacha na nani?"

Edna alimgeukia Notburga. Macho yake yalikuwa yakiomba msaada, kama ya mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa na jibu halijui. Notburga hakumsaidia. Alikuwa amekuja kumsindikiza, si kumsemea. Alitazama chini, akangoja, na machozi yakamshuka bila sauti.

"Mama Saimon," Edna alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "naomba tuingie ndani tukae. Mtoto wa mdogo wangu alifariki. Nimekuja kukueleza ilivyokuwa, na kuchukua kile nilichokuletea."